Paka mdogo asiyeshiba: umpe chakula kiasi gani?

Saa kumi na moja alfajiri, adhana bado inasikika, na paka wako mdogo ameshaanza. Analia mlangoni kana kwamba hajaona chakula tangu wiki iliyopita. Unaamka, unampa, anaramba bakuli mpaka linang'aa. Ukienda kuchemsha chai yuko miguuni tena. Mchana hivyo hivyo, na jioni ukianza kukaanga samaki ndiyo usiseme kabisa. Mama mwenye nyumba akipita anakwambia, "Mwanangu, huyo paka mlafi, utamharibu." Jirani naye ana lake: paka akishiba hakamati panya, mwache na njaa yake afanye kazi iliyomleta.

Basi umesimama hapo na bakuli mkononi. Umwongezee au umnyime?

Nami nilisimama hapo hapo, baada ya kumwokota Karafuu nyuma ya kibanda cha chipsi, dume wa miezi kama minne, mbavu nje. Utafiti wangu ni wa udongo, si wa wanyama, kwa hiyo nilifanya anachofanya kila mtu: nilikadiria kwa macho. Nilimpima siku ya kwanza kwenye mzani wa duka la Mangi, ndani ya kapu: kilo 1.5. Wiki tatu baadaye nikampima tena: kilo 1.5. Paka wa umri ule hutakiwa kuongezeka kama gramu 100 kila wiki. Yaani gramu 300 zilikuwa zimepotea mahali fulani, na mimi ndiye niliyekuwa nashika bakuli. Nilipozitafuta nikakuta makosa matatu, kila moja limekaa juu ya mwenzake. Huenda na wewe unayo angalau mawili.

Kosa la kugawanya

Kosa la kwanza ni la hesabu, na linaonekana la akili kabisa. Paka mkubwa wa kilo 4, aliyehasiwa na kukaa ndani, huishi vizuri kwa kama kilokalori 240 kwa siku. (Kilokalori ndiyo ile "kcal" unayoiona kwenye paketi za vyakula, mtaani tunaita kalori tu.) Wangu ana kilo 1.5, hajafika hata nusu. Kwa hiyo ukigawanya kwa uwiano, kama tulivyofundishwa darasa la sita, unapata kilokalori 90. Bakuli dogo kwa paka mdogo, si ndiyo?

Si ndiyo. Mwaka 1932 mtaalamu mmoja mzaliwa wa Uswisi, Max Kleiber, aliyekuwa akifanya kazi Davis, California, alichapisha ulinganifu wa nguvu zinazotumiwa na wanyama wa ukubwa mbalimbali. Aligundua kwamba matumizi ya nguvu hayaendi sambamba na uzito. Ng'ombe mwenye uzito mara elfu ya mnyama mdogo hahitaji chakula mara elfu. Anahitaji kidogo zaidi ya mara 170. Ukiugeuza upande wa pili maana yake ni hii: kadiri mnyama anavyokuwa mdogo, ndivyo kila kilo ya mwili wake inavyokuwa ghali kuilisha. Uzito unapandishwa kwa kipeo cha 0.75, siyo 1.

Madaktari wa mifugo mpaka leo wanaanzia hapo. Kwa paka na mbwa wanachukua uzito kwa kilo, wanaupandisha kwa kipeo cha 0.75, wanazidisha kwa 70. Jibu ni kilokalori za siku nzima kwa mnyama aliyelala tu, hafanyi kitu. Usiogope hicho kipeo, kalkuleta ya simu inakitoa bila shida. Zidisha uzito kwa wenyewe mara tatu, halafu bonyeza kitufe cha kipeuo cha pili (√) mara mbili. Kwa Karafuu: 1.5 × 1.5 × 1.5 ni 3.375. Kipeuo cha kwanza, 1.837. Cha pili, 1.355. Mara 70, unapata 95.

Umeona? Kilokalori 90 nilizopata kwa kugawanya hazikufika hata kiasi cha paka aliyelala. Na paka wa miezi minne halali: anajenga mifupa, misuli, meno mapya, na muda unaobaki anapanda mapazia. Kwa hiyo ile 95 inazidishwa tena. Mtoto wa mpaka miezi minne hupewa karibu mara 2.5. Baada ya hapo kizidishio kinashuka taratibu kuelekea 2 na chini yake kadiri anavyokaribia utu uzima. Mkubwa aliyehasiwa ni 1.2 tu.

95 mara 2.5 ni kama 237. Sasa rudi kwa yule mkubwa wa kilo 4. Kipeo chake ni 2.83, mara 70 ni 198, mara 1.2 ni 238. Paka wa kilo moja na nusu na paka wa kilo nne wanakula sawa! Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Kumbe "mlafi" alikuwa anadai haki yake, na mimi nilikuwa nampa theluthi na kidogo.

Kuna njia nyingine ya kuiona namba hiyo. Panya mmoja mdogo wa nyumbani ana kama kilokalori 30. Basi 237 ni panya wanane kwa siku, na paka wa porini ndivyo anavyokula: kidogo kidogo, mara nyingi, mchana na usiku. Tumbo la mtoto haliwezi kubeba panya wanane kwa mkupuo. Ukimpa chakula chote asubuhi atatapika au atakibakiza, na ukirudi kazini jioni utamkuta analia. Mgawie mara tatu au nne. Hilo la kulia alfajiri kwa sehemu linatoka hapo: amelala saa nane bila "panya" hata mmoja.

Bakuli limejaa, paka ana njaa

Nilipoona analia sana niliongeza chakula. Sawa. Lakini niliongeza nini? Ugali, kwa sababu ndio uliobaki. Hapa ndipo penye kosa la pili, na kwa maoni yangu ndilo linaloumiza paka wengi wa mitaani kwetu kuliko yote.

Tufanye hesabu ya bakuli lenyewe. Chukua ugali uliopikwa kwa gramu 50 za unga wa mahindi, ulowanishe kwa mchuzi, tupia dagaa wakavu wachache, tuseme gramu 5. Unga unakupa kama kilokalori 180 na protini gramu 4. Dagaa wanaongeza kilokalori 16 na protini gramu 3. Jumla ni kilokalori 196, si mbaya, tunakaribia. Protini gramu 7 ndani ya gramu 55 za chakula kikavu: asilimia 13.

Viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama Marekani, vinataka chakula cha paka anayekua kiwe na protini isiyopungua asilimia 30 ya uzito mkavu. Mkubwa, 26. Mbwa mkubwa, kwa kulinganisha, 18. Ndiyo maana mbwa wa jirani anakula makombo ya ugali na bado ana nguvu za kukukimbiza, wakati paka kwenye makombo yale yale anakonda.

Tofauti iko kwenye ini. Wewe ukikosa nyama wiki nzima, ini lako linajua kubana matumizi: linapunguza kasi ya kuvunjavunja protini ili kidogo iliyopo itunzwe. Mbwa anaweza pia. Paka ni mwindaji aliyekula nyama vizazi na vizazi, na ini lake halina breki ya maana hapo. Linaendelea kuchoma protini kwa kasi karibu ile ile hata kama bakulini hamna. Isipotoka bakulini itatoka kwenye misuli yake mwenyewe. Ugali wenyewe si sumu, wanga uliopikwa paka anausaga vizuri tu. Shida ni kwamba unachukua nafasi tumboni. Tumbo limejaa, mwili unaendelea kuomba, na wewe unaita ulafi.

Halafu kuna taurini. Hii ni asidi amino inayopatikana kwenye nyama na samaki, mahindi hayana. Sisi tunaweza kujitengenezea mwilini, paka hutengeneza kidogo mno kisichomtosha. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka wakiikosa, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga huharibika. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake, hapo hapo Davis alipokuwa Kleiber, walionyesha kwamba upungufu huo huo hutanua moyo na kuudhoofisha, na kwamba paka wengi walipopewa taurini mioyo yao ilipata nafuu. Macho hayakuwa na bahati hiyo. Sehemu iliyokufa hairudi. Kitu cha kutisha ni kwamba baadhi ya wale paka walikuwa wakila vyakula vya dukani, vya kulipia, vyenye picha ya paka mnene kwenye paketi. Baada ya hapo watengenezaji waliongeza taurini.

Sasa bakuli la pili. Dagaa wakavu gramu 50, unga gramu 20 tu uliopikwa ugali. Kilokalori 165 jumlisha 72: 237, ile ile namba yetu. Protini inapanda mpaka gramu 31 na zaidi, asilimia kama 45. Dagaa wana uzuri mwingine ambao mnofu wa nyama hauna: analiwa mzima, na miiba na utumbo, kama panya anavyoliwa mzima. Miiba ndiyo kalsiamu. Kitoto cha paka kikilishwa mnofu mtupu kila siku mifupa yake inalegea mpaka inaweza kuvunjika kwa kuruka kutoka kitandani.

Ila usikimbilie sokoni kabla sijamaliza. Dagaa wakavu wengi wana mchanga, na wale wa pwani mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo osha vizuri. Pika, usimpe wabichi, maana baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Chemsha kwa maji kidogo, na yale maji usimwage: taurini inayeyuka humo, mpe pamoja. Pika chake kabla hujatia vitunguu, kwa sababu vitunguu maji na saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu yake. Na usimpe dagaa peke yao mwaka mzima. Siku nyingine badilisha kwa mioyo ya kuku, ambayo ina taurini nyingi, au firigisi, au yai lililopikwa. Maini mara moja moja tu, vitamini A yake ikizidi inaumiza mifupa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vyenye ncha.

Ukiwa na uwezo wa kununua chakula kikavu cha paka wadogo, maisha yanakuwa rahisi. Angalia paketi, vingi vina kilokalori kati ya 350 na 400 kwa gramu 100, kwa hiyo 237 ni kama gramu 60 hadi 68. Pima kwa mzani wa jikoni mara moja, weka alama kwenye kikombe, usipime tena. Na maji yawepo muda wote, kwa kuwa chakula hicho hakina maji na paka kwa asili si mnywaji.

Maziwa? Najua, kwenye vitabu vya watoto paka ananywa maziwa. Akishaacha kunyonya, uwezo wake wa kusaga sukari ya maziwa unashuka, na wengi wanaharisha. Paka mwenye njaa anayeharisha amerudi nyuma hatua mbili.

Anayekula pamoja naye

Nikarekebisha kiasi, nikarekebisha aina. Uzito ukapanda gramu 40 kwa wiki, ukagoma hapo. Mbavu bado zilihesabika, lakini tumbo lilikuwa duara kama ngoma. Watu waliniambia ameanza kunenepa.

Tumbo kubwa juu ya mgongo mwembamba si unene. Kwa paka mtoto, mtuhumiwa wa kwanza ni minyoo ya mviringo iitwayo kitaalamu Toxocara cati. Inaishi kwenye utumbo mdogo na kula kile ulichopika. Kitoto huipata mapema mno, kupitia maziwa ya mama yake, kwa hiyo usidhani kwamba paka wako hana kwa sababu hatoki nje. Utaratibu wa kawaida ni dawa kuanzia wiki ya pili au ya tatu ya maisha, kurudia kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Kurudia ni lazima, maana dawa inaua minyoo iliyo kwenye utumbo. Mabuu yanayosafiri ndani ya mwili hayaguswi, nayo yatafika baadaye.

Dawa inapimwa kwa uzito, na hapa sitaki ukadirie kama nilivyokadiria mimi. Muone daktari wa mifugo, hata yule wa kata, ukiwa na uzito wa paka umeuandika. Usimkatie kidonge chako. Dawa za watu si mchezo kwa paka: parasetamoli, hata kipande, inaweza kumuua, kwa sababu ini lake halina njia ya kutosha ya kuiondoa.

Na hapa udongo, fani yangu, unaingia bila kukaribishwa. Mayai ya minyoo hii yanatoka na kinyesi, yanakomaa kwenye mchanga kwa wiki chache, na yanaweza kumuingia mtu akiyameza, hasa mtoto anayecheza chini na kutia vidole mdomoni. Kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku kabla mayai hayajakomaa, na mikono ioshwe. Ukimtibu paka unamtibu na mtoto wa jirani.

Mzani na mkono

Hesabu zote hapo juu ni za kuanzia. Paka wawili wa uzito mmoja wanaweza kupishana sana katika mahitaji yao. Mmoja analala, mwingine anawinda nzi usiku kucha. Kwa hiyo kila Jumapili mtie kwenye kapu au ndoo, pima, toa uzito wa kapu, andika. Mzani wa bafuni wa kupimia watu hauoni gramu 100. Tumia wa jikoni au muombe Mangi.

Kisha tumia mkono wako. Kunja ngumi, pitisha kidole cha mkono mwingine juu ya vifundo: mbavu za paka zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha mkono, gusa mgongo wa kiganja chako: mifupa ipo, unaisikia bila kubonyeza, lakini imefunikwa kidogo. Hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa kuwa. Zikiwa kama upande wa ndani wa kiganja, unabonyeza ndipo uzipate, amezidi.

Uzito ukipanda na mbavu ziko sawa, kulia kwake hakukuhusu sana. Amejifunza kwamba ukilia saa kumi na moja mlango unafunguka, na amejifunza kwako. Uzito usipopanda wiki mbili mfululizo huku anakula namba yake yote, tatizo haliko kwenye bakuli. Mpeleke kwa daktari, na uchukue na kinyesi kidogo kwenye kopo safi.

Na yule jirani wa panya? Mwaka 1976 mtafiti aitwaye Adamec aliwawekea paka chakula wanachokipenda, na wakiwa katikati ya kula akaingiza panya. Paka waliacha chakula, wakaua panya, na kurudi kuendelea kula. Kuwinda na njaa ni vitu viwili kichwani mwa paka. Kumnyima chakula hakumfanyi mwindaji bora. Kunampeleka jalalani, na kwa panya wa watu wengine waliokwisha kula sumu.

Kuna sehemu moja tu ambapo mama mwenye nyumba atakuwa sahihi, nayo inakuja baadaye. Paka wa kilo 2.5 anayeendelea kukua, kwa kizidishio cha 2, anahitaji kama kilokalori 280. Hicho ndicho kilele chake. Akihasiwa, mahitaji yanashuka kwa karibu robo, na kwa bahati mbaya hamu ya kula inapanda wakati huo huo. Hapo ndipo wengi wanapoendelea na bakuli la kilele, na baada ya mwaka wana paka wa kilo 6 asiyeweza kujiramba mgongo. Kuanzia wiki ile ya upasuaji punguza kidogo kidogo, pima kila Jumapili, na ukiona mbavu zinapotea punguza sehemu moja ya kumi.

Karafuu sasa ana kilo 3.4 na amehasiwa. Bakuli lake limerudi karibu na pale lilipokuwa alipokuwa na kilo moja na nusu. Leo saa kumi na moja amelia kama kawaida. Nimetazama daftari la Jumapili, nikageukia ukutani, nikalala.